Nani Atakusahihishia?



Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Julius Nyerere alizungumza na wananchi kwa redio na kuutangaza mwaka uliokuwa ukiingia kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba katika kila watu wazima watatu, wawili hawakujua kusoma wala kuandika. Hoja yenyewe Mwalimu alikuwa nayo tangu 1964, alipokuwa akiueleza Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano: mtoto anayeanza shule leo, nchi itangoja miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla ya kuona matunda ya elimu yake. Wazazi wake wanaweza kuibadili nchi sasa hivi. Basi tuanze na wazazi.

Yaliyofuata wengi wenu mliyaishi. Kisomo kilifundishwa viwandani, makanisani, misikitini, kwenye ofisi za TANU na chini ya miembe. Mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa wamebaki asilimia 39, na 1986 hawakufika asilimia 10. Habari hiyo ni kubwa na imesimuliwa sana, nami sitairudia. Leo nataka tumzungumzie mtu mzima mwingine, yule ambaye kusoma anajua. Aliishia darasa la saba, au kidato cha nne. Ana kazi, ana watoto, ana wazee wanaomtazama yeye. Hata hivyo bado anataka kusonga mbele: apate cheti cha sekondari, stashahada, hata shahada. Kuacha yote hayo akalale bwenini miaka mitatu hawezi. Mtu huyu amesomaje, na nani alimshika mkono?

Niwaambie mapema ninaloliamini, ili mnisikilize huku mkilipima. Masomo ya mbali husimuliwa kwa vyombo vyake: ilikuja posta, ikaja redio, zikaja kaseti, sasa ni simu na intaneti. Kila chombo kipya kinapofika tunaambiwa kwamba safari hii elimu imemfikia kila mtu. Mimi nikiifuata historia hii, nchi baada ya nchi, nakuta jambo moja ndilo lililoamua nani alifika mwisho na nani aliishia njiani. Mwanafunzi amemaliza zoezi lake, amelituma. Nani analisahihisha, na linarudi lini?

Tuanzie mbali kidogo. Machi 1728, kule Boston, Marekani, mwalimu wa hatimkato aitwaye Caleb Phillipps alitoa tangazo katika gazeti la Boston Gazette. Aliahidi kwamba watu wa mashamba wangepelekewa masomo kila wiki na kujifunza sawasawa na watu wa mjini. Ni ahadi nzuri, na ni ya zamani mno. Lakini tangazo lile halisemi lolote kuhusu kazi ya mwanafunzi kurudi kwa mwalimu. Ndiyo maana wengi huanza kuhesabu kutoka 1840, Uingereza, kwa Isaac Pitman. Mwaka huo posta ya Uingereza ilianza kupeleka barua popote nchini kwa peni moja. Pitman, naye mwalimu wa hatimkato, akaishika nafasi hiyo. Aliwatumia wanafunzi kanuni zake kwenye kadi. Wao wakaandika mistari ya Biblia kwa hatimkato, wakamrudishia. Naye akasahihisha na kuwapelekea tena. Akina mama na akina baba mliosomea ukatibu muhtasi, pale Chuo cha Uhazili Tabora na kwingineko, jina la Pitman mnalijua kwa yale mapindo na nukta mlizokariri. Basi mjue pia kwamba ni kwake tunakokuta, kwa mara ya kwanza iliyo wazi, karatasi ya mwanafunzi wa mbali ikirudi nyumbani na masahihisho.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya chuo kikuu. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusiwa kumtahini mtu yeyote, hata ambaye hajapata kukanyaga darasa. Ungeweza kukaa mbali, ukajisomea, ukafanya mtihani, ukapewa shahada ileile. Mwaka 1878 kikawafungulia wanawake nao. Hilo lilikuwa jambo zito katika zama ambazo vyuo vikuu vilikuwa vya watoto wa matajiri. Ila London ilitahini tu, kufundisha haikufundisha. Mwanafunzi aliachwa na orodha ya vitabu na tarehe ya mtihani. Pengo hilo likajazwa na vyuo vya biashara vilivyofundisha kwa posta, kama Wolsey Hall ya Oxford iliyoanza 1894, na baadaye Rapid Results College ya 1928. Hao walitoza ada, wakatuma masomo, na kilichonunuliwa hasa kwao kilikuwa mtu wa kukusomea kazi yako na kukuambia umekosea wapi.

Majina hayo yalifika mpaka huku kwetu. Katika miaka ya 1950 Afrika Mashariki nzima ilikuwa na Makerere peke yake kwa masomo ya shahada, na Makerere yenyewe ilitoa shahada za London. Nafasi zilikuwa chache kupita kiasi. Aliyekosa, au aliyelazimika kwenda kazini baada ya miaka michache ya sekondari, alibaki na sanduku la posta. Nairobi kulikuwa na British Tutorial College. Masomo mengine yalitoka Uingereza kwa meli, mengine Afrika Kusini. Tom Mboya, akiwa kijana mkaguzi wa afya katika baraza la jiji la Nairobi, alisoma uchumi kwa posta na chuo kimoja cha Afrika Kusini, kabla hajakwenda Ruskin kule Oxford mwaka 1955. Ruskin nayo ilikuwa imeanzishwa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi, watu wazima waliokosa shule. Mfano wake ndio uliofuatwa na Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa Dar es Salaam 1961, mwaka wa uhuru. Kwa hiyo mnaona kwamba viongozi wetu wa kwanza waliijua njia hii kwa miguu yao wenyewe.

Nitapita haraka Afrika Kusini, ingawa pana mengi. Chuo chao kikuu kiitwacho UNISA nacho kilikuwa cha kutahini tu kwa miaka mingi, mpaka 1946 kilipoanza kufundisha chenyewe kwa posta. Nelson Mandela alikuwa mwanafunzi wa mbali kwa miaka mingi ya utu uzima wake. Shahada yake ya kwanza aliisoma kwa njia ya UNISA, akaipata 1943. Shahada ya sheria aliisomea na London akiwa gerezani, akaja kuimaliza na UNISA mwaka 1989, bado yu mfungwa. Katika kisiwa cha Robben ruhusa ya kusoma ilikuwa kitu cha kutolewa na kunyang'anywa. Vitabu vilizuiwa, barua zilicheleweshwa. Mwaka 1977 wakuu wa gereza walipoyagundua maandishi ya siri ya kumbukumbu za maisha yake, adhabu waliyompa ilikuwa kumnyima masomo kwa miaka minne. Wakati posta imenyamaza, wafungwa walijibiana wenyewe. Mwenye shahada alimfundisha asiyejua herufi, wakiwa kwenye machimbo ya chokaa. Ningependa kila mwanafunzi wa chuo cha mbali aliyekata tamaa kwa sababu vitabu vimechelewa aisome habari hiyo.

Sasa Uingereza tena. Mwaka 1963 Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, alitoa hotuba mjini Glasgow akataka kiundwe chuo kikuu cha hewani, cha redio na televisheni. Aliposhika serikali, kazi hiyo ilimwangukia Jennie Lee, mtoto wa mchimba makaa wa Scotland, naye hakukubali kiwe chuo cha daraja la pili. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikapata hati yake 1969, na Januari 1971 kikaanza na wanafunzi takriban 24,000. Hawakuulizwa cheti cha kidato chochote. Dunia inakikumbuka kwa vipindi vya BBC vya alfajiri na usiku wa manane. Lakini vipindi hivyo vilikuwa sehemu ndogo ya masomo. Kila mwanafunzi alipangiwa mkufunzi wa eneo lake, mtu mwenye jina, ambaye alisahihisha mazoezi yake kwa mkono na kuandika maelezo marefu pembeni. Wanafunzi wa sayansi walipelekewa nyumbani masanduku yenye hadubini na kemikali. Wakati wa kiangazi walikutana wiki nzima, wakafundishwa ana kwa ana. Gharama kubwa ilikuwa kwenye watu, na hapo ndipo kilipopata heshima. Nchi nyingi zilizoiga chuo hicho ziliiga televisheni, zikasahau wakufunzi.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye utajiri ambao hatuusemi vya kutosha.

Chuo cha Ushirika Moshi kilianza 1963, na mwaka uliofuata kikawa na kituo cha kuwafundisha wanaushirika kwa posta na redio: makatibu wa vyama, wajumbe wa kamati, wanachama wa kawaida wa kahawa na pamba. Kenya, ilipopata uhuru, ilijikuta na maelfu ya walimu wa msingi wasio na mafunzo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kitengo chake cha Kikuyu, kikaanza kuwafundisha kwa posta na kwa vipindi vya Sauti ya Kenya. Aliyefaulu alipandishwa daraja, na mshahara ukapanda naye. Makerere ilifungua kitengo chake cha posta 1967. Tanzania, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ikaanza elimu ya sekondari na masomo mengine kwa njia ya posta mapema miaka ya 1970, kwa msaada wa Sweden. Taasisi hiyo yenyewe ilizaliwa 1960 ikiwa tawi la Makerere, ikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 1975 ikajitegemea kwa sheria ya Bunge.

Na redio ikafanya kazi ambayo sisi tulio nyuma ya vipaza sauti tunapaswa kuikumbuka kwa fahari. Kampeni zilifuatana: Kupanga ni Kuchagua, 1969. Wakati wa Furaha, 1971. Kisha 1973 ikaja Mtu ni Afya. Kwa wiki kumi na mbili, watu takriban milioni mbili walikutana katika vikundi vya kusikiliza. Kikundi kilisikiliza kipindi cha Redio Tanzania, mmoja akasoma kwa sauti sura ya kitabu cha kampeni, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, safura, maji ya kunywa, halafu wakaamua la kufanya. Waliamua kuchimba choo, wakachimba. Waliamua kufyeka majani, wakafyeka. Tunapoisifu kampeni ile tunaisifu redio, nami najivunia. Lakini kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa, viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walikuwa wamefundishwa kazi yao. Redio haiwezi kumjibu anayeuliza. Mama akisema, sisi kwetu mwamba, choo tunachimbaje, aliyemjibu alikuwa kiongozi wa kikundi, jirani yake, aliyeketi pale pale. Bila wale 70,000, Mtu ni Afya ingekuwa kipindi cha redio tu.

Linganisheni na mwanafunzi wa posta peke yake. Wasikilizaji vijana, mtaniwia radhi nieleze jinsi mambo yalivyokuwa, kwa sababu simu mliyoshika imewafanya msiyafikirie. Posta yetu haikupeleka barua nyumbani kwa mtu. Unahitaji sanduku, na sanduku liko mjini. Kijijini watu walitumia S.L.P. ya shule, ya misheni, ya ofisi ya kata. Bahasha ya masomo ikifika wilayani inangoja mtu mwenye safari. Ikikufikia, unasoma usiku kwa kibatari, unafanya zoezi, unatafuta stempu, unatafuta tena mtu mwenye safari. Kazi yako inafika Dar es Salaam. Huko inangoja msahihishaji, ambaye naye ni mwalimu mwenye ajira yake mahali pengine, anasahihisha jioni kwa malipo madogo. Halafu safari nzima ya kurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ikaingia katika shida: bei ya mafuta, vita vya Kagera, uhaba wa karatasi. Zoezi la kwanza lilirudi wakati mwanafunzi ameshasahau alichoandika, au ameshakata tamaa. Wengi waliacha. Tuliwaita wavivu, nami nasema hatukuwatendea haki. Mtu aliyesoma kwa kibatari baada ya kutoka shamba si mvivu. Alizungumza, hakujibiwa.

Wakati uleule, nchi ileile yenye posta ileile ilifanikisha jambo ambalo wataalamu wa ng'ambo walikuja kulichunguza. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, yaani UPE, ifikiwe 1977. Walimu wangetoka wapi? Vyuo vilivyokuwapo visingeweza. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakapangwa kwenye shule za vijijini, wakawa wanafundisha watoto saa kadhaa na kusomea ualimu saa nyingine. Masomo yalikuja kwa posta na kwa redio. Lakini pia kulikuwa na wakufunzi waliozunguka kutoka shule hadi shule katika tarafa, wakiwakalisha chini, wakiwaangalia wakifundisha, wakisahihisha kazi zao mbele ya macho yao. Mwisho walikwenda chuoni wiki chache, wakafanya mtihani. Zaidi ya 35,000 walihitimu.

Watu waliwadhihaki, wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Dhihaka hiyo iliumiza, na ilidumu. Ni kweli kwamba wengi wao walianza na msingi mdogo. Hata hivyo hao ndio waliosimama mbele ya watoto wa vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na mwalimu, na kati yenu mnaonisikiliza wapo waliofundishwa herufi ya kwanza na mwalimu wa UPE. Baadhi yao hawakuishia hapo: walijiendeleza wakiwa kazini, wakafanya mitihani kama watahiniwa wa kujitegemea, wakaingia vyuoni, wakawa wakuu wa shule. Na sababu ya mpango wao kufaulu pale ambapo mwanafunzi wa posta peke yake aliishia njiani ni yule mkufunzi wa tarafa.

Azimio hilohilo la Musoma lilikuwa na kipengele cha pili, nacho kinahusu chuo kikuu. Kabla ya hapo kijana alitoka kidato cha sita akaingia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Musoma ikasema hapana: aende Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi miaka miwili, waliofanya naye kazi na chama wamshuhudie, ndipo asome. Chuo kikuu kikawa cha watu wazima kwa amri. Waliokuwa na uzoefu lakini hawana vyeti vya kidato cha sita nao walipewa njia ya kuingia. Nalipenda wazo hili, na bado naamini mhandisi aliyekwisha kufanya kazi karakanani anasoma vizuri zaidi. Ila lilikuwa na dosari kubwa, na walioibeba ni wasichana. Miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Idadi yao chuoni ikashuka, mpaka baada ya miaka michache serikali ikawaruhusu kuingia moja kwa moja. Somo tulilolipata ni kwamba haitoshi kumwambia mtu mzima aje chuoni. Wapo ambao chuo lazima kiwafuate.

Kilichukua muda kuwafuata. Kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga, aliyewahi kuwa waziri wa elimu, ilikabidhi ripoti yake 1990. Bunge likapitisha Sheria Namba 17 ya 1992, na Machi 1993 Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikaanza rasmi, makamu mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari, aliyekuwa amekiongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1994. Kenya ilikuwa tayari inatoa shahada ya ualimu ya nje ya chuo tangu 1986, na Makerere tangu 1991; lakini chuo kizima kilichojengwa kwa ajili ya mwanafunzi wa mbali, katika Afrika Mashariki chetu kilitangulia. Kenya wameanzisha cha kwao, Konza, mwaka 2023.

Makao makuu ya Chuo Huria yako Kinondoni, Dar es Salaam. Lakini anayetaka kukielewa aende kituo cha mkoa siku ya mitihani au ya vipindi vya ana kwa ana. Atamkuta muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Atamkuta askari polisi, mwalimu wa sekondari, karani wa mahakama, diwani, mama aliyemwacha mtoto mchanga na dada yake nje ya ukumbi. Wengine wamevuka ziwa, wengine wamelala kwenye basi. Shahada ambayo kijana wa bweni anaimaliza kwa miaka mitatu, wao wameruhusiwa kuisoma hata kwa minane, kwa sababu katikati kuna misiba, uhamisho, ada ya watoto. Nikiona mahafali ya chuo hiki, na wajukuu wakimshangilia bibi aliyevaa joho, sioni elimu ya kubahatisha. Naona mtu aliyelipa bei kubwa kuliko wote.

Kwa hiyo inaniuma ninaposikia, na nasikia mara kwa mara kutoka vyuo mbalimbali vinavyofundisha kwa mbali, umma na binafsi, hapa na nje, malalamiko yaleyale ya miaka ya 1970 yakiwa yamevaa nguo mpya. Kazi imepakiwa kwenye mtandao, mfumo umeandika kwamba imepokelewa, halafu kimya. Alama zinatokea baada ya miezi, namba tupu, bila neno hata moja la kumwambia mwanafunzi amekosea wapi. Mkufunzi mmoja amepewa mamia ya wanafunzi. Kasi ya intaneti imeifuta safari ya bahasha kutoka wilayani hadi Dar es Salaam; haikumgusa msahihishaji, ambaye bado ni mtu mmoja mwenye jioni moja. Maswali ya kuchagua jibu mashine inayasahihisha kwa sekunde, na hiyo ni nafuu ya kweli. Sasa zimekuja hata programu zinazojibu swali kwa sentensi kamili. Zitasaidia kumfafanulia mtu jambo usiku ambapo hakuna wa kumuuliza. Lakini mwanafunzi wa sheria aliyeandika hoja yake kurasa kumi anataka mwanasheria aisome, na mwalimu mwanafunzi anataka mtu aketi nyuma ya darasa amwone anavyofundisha.

Wanafunzi wenyewe wamejitafutia dawa. Siku hizi kila kozi ina kundi lake la WhatsApp, na nimeona katika makundi hayo watu ambao hawajawahi kuonana, mmoja Kigoma, mmoja Lindi, mmoja Muscat anakofanya kazi, wakifafanuliana mada saa tano usiku. Ni jambo zuri sana. Ni vikundi vya Mtu ni Afya vilivyozaliwa upya bila serikali kuviita. Vinachokosa ni kile serikali ilichokitoa 1973, yaani kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi yake.

Basi kama wewe unayenisikiliza unafikiria kujiunga mwaka huu, iwe ni sekondari kwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iwe ni Chuo Huria, iwe ni chuo kingine chochote, hakikisha kwanza kinatambuliwa. Kwa vyuo vikuu ulizia Tume ya Vyuo Vikuu. Kama huna vyeti vya kidato cha sita lakini una uzoefu wa miaka kazini, ulizia utaratibu wa kutambua maarifa uliyoyapata nje ya darasa, upo, na watu wameingia chuo kikuu kwa njia hiyo. Halafu, kabla hujalipa ada, waulize maswali ambayo hayamo kwenye vipeperushi vyao. Nani atasahihisha kazi zangu, na jina lake ni nani? Ana wanafunzi wangapi? Zoezi langu litarudi baada ya siku ngapi, na litarudi na maelezo au na namba tu? Nikikwama, nampigia nani, na anapokea saa ngapi?

Na kwa wanaopanga bajeti za vyuo hivi, wizarani na kwenye mabaraza ya vyuo, nina ombi moja. Kila mwaka tunasikia fedha zimetengwa kwa mitambo, kwa kompyuta, kwa mifumo mipya ya kufundishia. Tungependa katika hotuba ijayo ya bajeti tusikie pia msahihishaji wa kazi za wanafunzi wa mbali analipwa shilingi ngapi kwa kila karatasi, na ni lini mara ya mwisho malipo hayo yalipandishwa.